Waliokuwa Ndani ya Yakobi na Waliokuwa Nje

Ukimwuliza mtoto wa kipaimara hapa Makambako kwamba Vita vya Majimaji vilikuwa vita vya nani, atakujibu bila kusita: vilikuwa vita vya wazee wetu dhidi ya Wajerumani. Jibu hilo ni sahihi, na mwalimu wake wa historia atampa alama zake zote. Lakini mtoto huyo huyo amebatizwa katika kanisa lililopandwa na wamishonari wa Berlin. Mwezi wa Septemba 1905 kituo chao cha Yakobi, karibu na mji wa leo wa Njombe, kilishambuliwa na watu wa mtwa Mbeyela. Mbeyela alikuwa Mbena. Ndani ya misheni alikuwamo mmishonari Gröschel, naye hakuwa peke yake. Walikuwamo Waafrika waliokwisha kushikamana na misheni, na misheni ilitetewa kwa bunduki. Basi yule "mzee wetu" wa mtoto wa kipaimara alikuwa ndani au alikuwa nje?

Nimeliuliza swali hili mbele ya wanafunzi wa theolojia na mbele ya wazee wa usharika, na mara nyingi hufuatwa na ukimya mfupi, kisha mtu hucheka. Sidhani kwamba ni swali la kuchekesha. Wengi wetu tunaoketi kwenye benchi moja Jumapili tumetokana na pande zote mbili, kwa maana watoto wa waliokuwa nje walikuja kuoana na watoto wa waliokuwa ndani, na wajukuu wao ndio sisi. Kwa hiyo nikiuliza jinsi taifa linavyovitazama vita, siulizi habari za serikali na majeshi tu. Nauliza ni nini tulichorithi, na kama mtu anaweza kukubali sehemu moja ya urithi na kuikataa nyingine.

Tuanze na Wangoni, kwa sababu bila wao habari ya Ubena haielezeki. Wangoni ni watu wa safari. Waliondoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya wakati wa Shaka, wakiongozwa na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, wakapanda kaskazini hata Ufipa, ambako kiongozi wao alifia. Baada ya kifo chake waligawanyika, na baadhi yao wakaja kukaa katika nchi ya Songea, wakajenga tawala mbili, Njelu na Mshope. Walikuja na jeshi lililopangwa kwa rika, na mkuki mfupi wa kuchomea kwa karibu. Wenyeji waliowakuta waliwateka, wakawalea, wakawafanya askari, na watoto wa mateka wakajiita Wangoni. Ndiyo maana watu wengi wanaoitwa Wangoni leo hawana babu aliyevuka Zambezi. Babu zao walikuwa Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa, na Wabena pia.

Upande wa kaskazini walikuwako Wahehe, ambao nao walijifunza kupigana na kujenga dola. Mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali, na Ubena ilikuwa katikati. Atakayetazama ramani ataona mara moja: barabara ya leo inayotoka Iringa, ikapita Makambako na Njombe, ikashuka mpaka Songea, inakwenda moja kwa moja kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine. Mbena alitekwa na huyu, akatozwa na yule, na pengine akaungana na mmoja wao ili amteke Mbena mwenzake. Simlaumu. Mtu akikaa kati ya mafahali wawili, falsafa yake ya vita huwa fupi sana.

Hapo ndipo Wajerumani walipoingia, na wao pia walikuwa wageni wenye historia ya vita nyuma yao. Tunasahau kwamba Ujerumani yenyewe, kama nchi moja, ilikuwa changa. Iliunganishwa mwaka 1871 baada ya vita vitatu, dhidi ya Denmark, Austria na Ufaransa. Mmishonari aliyezaliwa katika nchi hiyo alikua akisikia kwamba vita ndivyo vilivyoipatia nchi yake umoja na utaratibu. Hakuja Ubena akiwa karatasi tupu. Alipowaona askari wa serikali yake wakipanda kutoka pwani, alikuwa na sababu, katika fikra zake, ya kuwahesabu kuwa walinzi wa amani.

Na askari hao walikuwa nani? Wissmann, alipoanza kuliunda jeshi hilo mwaka 1889, aliajiri Wasudani kutoka Misri na watu kutoka kusini mwa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Yaani jeshi lililokwenda kupigwa na Mkwawa pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, lilikuwa na watu waliotoka upande ule ule wa Afrika walikotoka Wangoni zaidi ya nusu karne kabla yao. Wahamiaji wa safari ya kwanza walikuja kama watekaji, na wa safari ya pili kama askari wa mshahara. Huwa nawaambia vijana jambo hili wanapozungumza kana kwamba mwaka 1891 Afrika ilisimama upande mmoja na Ulaya upande mwingine.

Majimaji yalipolipuka Julai 1905 huko Umatumbi, maji ya Kinjikitile Ngwale yalikuwa na ahadi mbili. Ahadi moja kila mtu anaikumbuka, kwamba risasi itageuka maji. Nyingine ndiyo kubwa zaidi kwa maoni yangu: kwamba watu waliokuwa wakiwindana watakunywa maji yale yale na kuacha kuwindana. Sisi wachungaji tumezoea kuihukumu ahadi ya kwanza kutoka mimbarani, na ni rahisi kuihukumu, maana bunduki zilijibu. Lakini waliokuwa ndani ya Yakobi siku ile walitumainia nini? Walimwomba Mungu, sina shaka. Pia walitumainia baruti. Mhubiri anayewacheka watu wa maji inampasa aeleze kwa nini watu wa risasi hawachekwi.

Gharama yake inajulikana. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma chakula kwa makusudi. Upande wa pili nao waliuawa watu wasiokuwa na silaha. Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake wanne, wakiwamo masista, waliuawa Agosti 1905 njiani wakielekea Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906, katika Songea, wazee wa Kingoni na watu wao walinyongwa. Wanaokumbukwa katika makumbusho ya Majimaji ni 67. Nduna Songea Mbano aliuawa pia, na jina lake ndilo jina la mji. Kwa bahati ya ajabu, ilikuwa tarehe 27 Februari vilevile, mwaka 1885, Kaisari alipotoa barua ya ulinzi iliyoipa kampuni ya Carl Peters mamlaka juu ya nchi ambayo haikujua kuwa inalindwa.

Baada ya hapo ilipita miaka hamsini ambayo watu hawakupenda kuitaja vita hiyo. Kisha Mwalimu Nyerere akaitaja mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1956. Alieleza kwamba watu wa nchi hii walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala, na kwamba TANU imekuja kuikamilisha kazi hiyo kwa njia ya amani. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wangali hai. Hivyo vita vya makabila yaliyokuwa yakitekana vikawa vita vya taifa ambalo wakati ule halikuwapo. Wangoni, watoto wa wahamiaji waliowateka majirani, wakawa mashujaa wa majirani hao.

Je, huo ni uongo? Nimelifikiria jambo hili kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba si uongo, lakini ni ukweli uliochaguliwa. Taifa halina budi kuchagua. Kama Mwalimu angesimama kuhesabu nani alimteka nani, tungekuwa tunahesabu hadi leo, na kuna nchi jirani ambazo kuhesabu huko kumegeuka makaburi. Kutokana na uchaguzi ule tulipata mtazamo wetu wa vita kama Watanzania: kwamba vita halali ni ya kujikomboa au ya kumtoa mvamizi. Ndiyo maana nchi iliwapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, na ndiyo maana, Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, hakuna aliyehitaji kushawishiwa sana. Mwalimu alisema kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, na watu wakakubali kufunga mikanda kwa miezi kumi na minane. Mikanda mingine, waliokuwapo wanasema, haikufunguliwa baada ya miezi hiyo.

Hata hapa Makambako, penye stendi, malori na stesheni ya TAZARA, tunaishi juu ya mtazamo huo. Reli ile ya kilomita 1,860 haikujengwa kwa biashara tu. Ilijengwa na Wachina, Watanzania na Wazambia ili Zambia isiendelee kubanwa na utawala wa walowezi wa Rhodesia na Wareno wa Msumbiji na Angola.

Ubaya wa ukweli uliochaguliwa ni kwamba aliyeachwa nje hana mahali pa kumwombolezea wake. Mkristo aliyekufa akiitetea misheni si shujaa wa taifa, wala hatuthubutu kumwita shahidi wa imani, maana alikufa na bunduki mkononi upande wa mkoloni. Mwanamke wa Ubena aliyetekwa na Wangoni miaka ishirini kabla ya Majimaji hayumo kwenye sanamu yoyote. Mpagazi aliyebebeshwa mzigo katika vita vya kwanza vya dunia hayumo. Na vita hivyo vilipita kwetu kweli kweli: Novemba 1916 kikosi cha Kijerumani kilisalimu amri Ilembule, na Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck, akitoka Songea, alipita tena Ubena, akamwacha hapa jenerali wake Wahle aliyekuwa mgonjwa. Wazungu wa mataifa mawili walipigania nchi yetu kwa chakula chetu na migongo yetu. Katika shule tunavitaja kama vita vya Ulaya, basi tunageuza ukurasa.

Sisi Walutheri tuna mafundisho juu ya vita. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linakubali kwamba Mkristo anaweza kuwa askari na kupigana vita vya haki. Luther mwenyewe mwaka 1526 aliandika kijitabu akijibu swali la askari aliyetaka kujua kama mtu wa kazi yake aweza kuokolewa. Alimkubalia, lakini akaongeza kwamba askari akijua kwa hakika kwamba bwana wake amekosa, asiende, amwogope Mungu kuliko mtu. Mafundisho hayo yana uzito. Tatizo ni kwamba yanadhani tunajua bwana ni nani. Mwaka mmoja kabla Luther aliwakemea vikali wakulima waliowaasi watawala wao, na mmishonari aliyefika Yakobi na Warumi 13 mkononi aliweza kumwona Mbeyela kuwa mwasi wa namna ile ile. Lakini mamlaka ya Kaisari katika Ubena ilikuwa na umri gani? Haikuwa hata na miaka kumi na tano. Mtwa naye alikuwa mamlaka. Mtu anayesema mamlaka imetoka kwa Mungu lazima aseme ni ipi, na tangu lini, na kama inatosha kushinda ili uwe umewekwa na Mungu. Mimi sikubali kwamba inatosha. Nikikubali hivyo, sina la kumwambia mtu anayeuchukua mji kwa bunduki leo huko mashariki ya Kongo, ila kumwomba asubiri miaka kumi na tano.

Kuna fundisho jingine juu ya vita ambalo halimo katika Ungamo, nalo ni utani. Mngoni na Mhehe ni watani, na Mbena ana utani wake na Mngoni, na kila mtu anajua kwamba utani huo umetokana na kupigana. Mtani anaingia msibani kwako, anajitupa mbele ya jeneza, anamsema marehemu kwamba alikuwa mchoyo, anadai alipwe kabla kaburi halijafukiwa, na waliokuwa wakilia wanaanza kucheka huku machozi yakiendelea. Wachungaji wengine hawapendi. Nimeona ibada ya mazishi ikisimama dakika kadhaa kwa sababu mtani amekataa kushuka kutoka kwenye gari la maiti mpaka apewe chochote. Hata hivyo nadhani utani unafanya kazi ambayo historia ya shuleni haiwezi kuifanya. Haufichi kwamba babu yangu alimteka babu yako. Unalisema wazi kila msiba, mbele ya watu, na unalisema wakati ambapo mtani yule yule ameshika jembe la kuchimbia kaburi lako. Adui wa zamani amepewa haki ya kukutukana, pamoja na wajibu wa kukuzika.

Lakini utani una masharti, ndiyo maana sitaki kuusifu kupita kiasi. Unawezekana kati ya watu waliopigana wakiwa karibu sawa, kisha wakabaki majirani. Hatuna utani na Mjerumani. Yeye alishinda kwa silaha ambazo hatukuwa nazo, akaondoka, na aliporudi alirudi kama mfadhili na mgeni rasmi. Mtu hawezi kumtania mgeni rasmi. Tunamwimbia kwaya, tunampa zawadi, tunapiga picha, na habari ya mwaka 1905 inangoja nje ya ukumbi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu. Baadhi ya ndugu walisema hayo ni maneno tu. Wengine walisema yametosha, sasa yafungwe. Mimi naona jambo lenyewe ni gumu kuliko pande zote mbili zinavyodhani. Mtu aliyezaliwa mwaka 1956 hana hatia ya mti wa kunyongea wa mwaka 1906. Hatia hairithiwi, na nabii Ezekieli katika sura ya 18 anakataa waziwazi kwamba mwana abebe uovu wa babaye. Lakini anayerithi nyumba anarithi na deni lililoandikwa juu ya nyumba. Huwezi kukaa ndani, kula matunda ya mti uani, kisha mdai akija ukasema hukuwapo mkataba ulipotiwa sahihi. Kwa hiyo rais yule alikuwa sahihi kuja, naye alikuja kama mrithi wa nyumba, si kama mkosaji. Na deni linajulikana ni lipi, kwa mfano kichwa cha Songea Mbano, ambacho ukoo wake umekuwa ukikidai. Cha Mkwawa kilirudi Kalenga mwaka 1954.

Sasa kipimo hicho hicho kigeuzwe kwetu. Kama Mjerumani ni mrithi wa nyumba yake, Mlutheri wa Njombe naye ni mrithi. Amerithi misheni, pamoja na ardhi yake, shule zake na hospitali zake. Amerithi pia bunduki za Septemba 1905. Tena amerithi watu wa Mbeyela, kwa damu. Anaweza kwenda Songea tarehe 27 Februari na kusimama pamoja na waombolezaji, na ni vema aende, lakini hawezi kwenda kama mtu ambaye siku zote alikuwa upande wa waliopigwa. Na ndugu yangu Mngoni anayedai kichwa cha nduna, kwa haki kabisa, naye ana nyumba yenye deni, na baadhi ya wadai wake wako Ubena. Najua maneno haya hayapendezi. Kuna mzee aliyeniambia kwamba nafukua kilichokwisha kuoza. Nikamwuliza kwa nini basi bado anamtania Mngoni msibani, akasema hilo ni jambo jingine.

Tunapenda kuiita nchi yetu kisiwa cha amani. Nakiri sina raha na usemi huo. Kisiwa ni mahali palipotengwa na bahari, na sisi hatujatengwa na vita hata mara moja. Wanajeshi wetu wamekufa Kongo, zaidi ya kumi kwa siku moja mwezi Desemba 2017, wakiwa walinzi wa amani. Amani yetu, kwa kadiri tulivyo nayo, ilitengenezwa na watu waliojua vita ni nini, na wengi wao walikuwa wageni mahali fulani. Torati inapomwagiza Mwisraeli asimdhulumu mgeni, katika Kutoka 23, haimpi sababu ya kifalsafa. Inamkumbusha kwamba yeye mwenyewe anaijua roho ya mgeni, maana alikuwa mgeni Misri.

Hapa kwetu kumbukumbu hiyo ina mahali pake ardhini. Ni Kidugala, ambako kanisa lina chuo chake cha kufundishia watumishi. Vita vya pili vya dunia vilipoanza, Waingereza waliwatia kizuizini Wajerumani, na sharika zikabaki mikononi mwa Waafrika na wasaidizi waliotoka makanisa mengine. Kisha Kidugala ikapokea wakimbizi wa Kipolandi, wanawake, wazee na watoto waliopelekwa Urusi kwa nguvu baada ya nchi yao kugawanywa mwaka 1939, wakapitia Uajemi hadi wakafika nyanda zetu zenye baridi. Walikuwa Wazungu, lakini hawakuja kutawala wala kufundisha. Walikuwa wakimbizi, na Wabena waliwaona Wazungu wenye njaa, wasio na nchi, wakikaa katika nyumba zilizoachwa na watu wa taifa mojawapo lililoigawanya nchi yao. Baadhi yao walifia pale pale.

Makaburi yao yapo. Ukienda na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengi hudhani ni ya wamishonari.